Uzi mmoja wa waya wa mlingoti umekatika: nibadilishe waya mmoja au zote nane? (boti ya faiba, Mikindani)

tanga_mbili
Wakuu habari. Boti ya tanga ya faiba, futi 30, imefungwa kwenye boya ghuba ya Mikindani. Mlingoti wa alumini, kama mita 11 juu ya deki, una mkono mmoja (fito inayosukuma waya mrefu nje) kila ubavu. Nyaya ni stenlesi za milimita 6, zile ngumu za nyuzi 19. Ziko nane: mbili ndefu za ubavuni mpaka kileleni, nne fupi zinazoishia chini ya mikono, moja ya omo (mbele), moja ya tezi (nyuma). Umri wake haupungui miaka 15. Waya mfupi wa mbele, kushoto, umekatika uzi mmoja pale unapoingia kwenye kichwa cha chini (kifungio cha chuma cha ncha ya waya), na kuna michirizi ya kutu.

Je, nibadilishe huo mmoja tu? Kebo ya zinki ya maduka ya vifaa vya ujenzi Mtwara mjini inafaa? Na kazi inawezekana bila kulaza mlingoti? Nilitaka niwahi Kilwa Masoko kabla kusi halijaisha.

fundi_nyaya
Mkuu, usitoke na tanga kwanza. Uzi mmoja kati ya 19 unaonekana hasara ndogo, lakini huo haukukatika kwa kuzidiwa mzigo. Umechoka, na wenzake 18 wamepigwa mitikisiko ileile. Nyaya zote nane ni za rika moja, badilisha zote.

Ujue kwanza kwa nini umekatikia chini. Maji ya chumvi hushuka na waya, yakifika kwenye kichwa kilichobanwa kwa mashine yanazama kati ya nyuzi na kutulia humo. Jua linakausha maji, chumvi inabaki, kesho inaongezeka nyingine. Stenlesi hujikinga kwa ngozi nyembamba inayohitaji oksijeni, na mle ndani hewa haifiki, basi chuma kinaliwa kwa ndani huku nje kinang'aa. Vichwa vya juu vinatazama chini, maji yanadondoka, ndiyo maana huishi zaidi.

Kagua hivi. Bandua tepu na mipira yote iliyofunika skrubu za kukazia, maana inatunza unyevu. Pitisha pamba juu ya waya kutoka chini kwenda juu; penye uzi uliokatika itanasa (usitumie kiganja, utachanika). Shingo za vichwa sugua kwa mswaki, kisha zitazame kwa kioo cha kukuzia mara 10. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele unaokwenda kwa urefu, au kichwa kilichopinda kama ndizi. Kikipinda hivyo, chini yake hakuna kiungo kinachocheza pande mbili, na waya mpya utakufa palepale kama hukukiweka. Kutu ya rangi ya chai inayofutika kwa kitambaa isikutishe. Ile inayotoka shingoni na kurudi baada ya wiki moja ndiyo mbaya.

mbao_na_faiba
Watu hununua waya mpya wakaufunga kwenye bamba bovu, yaani kile chuma kinachoushika waya kwenye mwili wa boti. Fungua kila bamba la ubavuni lote, kwa sababu sehemu inayokufa ni ile sentimita mbili tatu inayopita ndani ya deki, ambako silikoni imepasuka, maji yameingia na hewa haipo. Juu safi, chini safi, katikati limeliwa nusu unene. Ukiwa na mashaka tumia dawa ya kuonyesha nyufa: nyunyiza ile nyekundu kwenye chuma kisafi, subiri dakika 10 hadi 15, futa kabisa, halafu nyunyiza nyeupe. Kama kuna ufa, utajichora mwekundu.

Bamba lenye vishimo usilijaze kwa kuchomelea. Chonga jipya la stenlesi 316 (daraja linalovumilia chumvi zaidi) kwa unene uleule, matundu yatobolewe kwa drili, kingo zing'arishwe, na boliti zote ziwe mpya. Halafu gonga ukuta wa mbao linaposhikwa kwa mpini wa bisibisi. Ukisikia sauti ya kufa, mbao imeoza, na hapo kazi ni nyingine kabisa.

mwana_jahazi
Kuhusu kebo ya zinki: hapana. Nyingi ya zile za madukani ndani ina kamba iliyolowekwa grisi, hivyo inavutika kila inapobeba mzigo. Usilinganishe na majahazi yetu. Kule mlingoti ni gogo, kamba zake zinahamishiwa upande wa joshi (upepo unakotoka) kila tanga linapogeuzwa, na jarari (kamba ya kupandishia tanga) likifungwa tezi linasaidia kuushika. Wako ni bomba jembamba linalosimamishwa na nyaya tu.

Ila kwa dharura tu, weka mita 12 za kebo laini ndani ya boti, pamoja na klipu. Kila jicho lifungwe klipu tatu, pinde zikae upande wa ncha fupi na tandiko upande unaobeba mzigo. Klipu hizo zinashika kebo laini. Kwenye waya wako mgumu wa nyuzi 19 zinateleza.

tanga_mbili
Nimewaelewa, safari inasubiri. Sasa vipimo na namna ya kufunga. Na ule mtindo wa kupima 316 kwa sumaku dukani?

fundi_nyaya
Sumaku si kipimo. Waya uliovutwa baridi kiwandani unaweza kunasa kidogo hata kama ni 316. Dai cheti cha koili.

Kwa hesabu ya nyaya zako: ndefu mbili kama mita 23, fupi nne kama 22, omo 12, tezi 12.5. Jumla ni karibu mita 70, nunua 75. Agiza Dar es Salaam au nje. Vichwa vya juu vinane vibanwe kwa mashine huko huko, na ncha za chini ziachwe ndefu. Chini weka vichwa vinane vya kufungwa kwa spana, hivyo ukikosea sentimita tano hupotezi waya mzima. Koni za ndani (zinazobana nyuzi ndani ya kichwa) agiza 10, maana koni iliyokwisha kubanwa hairudiwi.

Mlingoti hauna haja ya kulazwa. Fanya waya mmoja mmoja, asubuhi kabla upepo haujaamka. Henza (kamba ya kupandishia tanga) ya tanga la mbele ifunge omo, ya tanga kuu tezi, na nyingine ipeleke ubavu unaoufungua. Anayepanda ashikwe na henza mbili. Pima kutoka pini hadi pini waya wa zamani ukiwa umenyooshwa, skrubu ya kukazia ikiwa imefunguliwa nusu.

Kukata: zungusha tepu, tumia msumeno wa chuma wa meno madogo. Ingiza kwanza kikombe cha kichwa (wengi husahau, wanafungua upya). Fumua nyuzi 12 za nje, vika koni juu ya zile 7 za kati, ziachie zitokeze kama milimita 2. Rudisha za nje zikae sawasawa, uzi wowote usidumbukie kwenye mwanya wa koni. Kaza, fungua tena uangalie, jaza silanti ya baharini, weka gundi ya nati, kaza mwisho. Hesi za skrubu za kukazia paka grisi, stenlesi juu ya stenlesi inaumana mpaka haifunguki.

Kabla ya kukaza, hakikisha ncha ya kila mkono inagawa pembe ya waya sawa juu na chini. Mkono ulioinama utateleza.

Kukaza: chukua fito ya mita 2, ifunge kwa tepu juu kwenye waya mrefu wakati bado umelegea, chini iwe huru. Weka alama ilipo ncha ya chini. Waya wa nyuzi 19 ukirefuka milimita 1 kwa mita 2, umefika asilimia 5 ya mzigo wa kuukata. Nyaya ndefu zipeleke milimita 3, yaani asilimia 15, nusu zamu kushoto, nusu zamu kulia, ukichungulia kwenye mfereji wa mlingoti kama umenyooka. Kisha toka mpaka mdomoni mwa ghuba. Boti ikilala digrii 20, waya wa upande wa demani (upepo unakokwenda) usining'inie. Ukirudi kaza tena, maana mpya hujivuta, ndipo uweke kotapini zote (pini za kuzuia skrubu zisijifungue) na kuzikunja kidogo tu.

mbao_na_faiba
Na tepu usirudishe juu ya skrubu. Funika ncha za kotapini peke yake.