Uliyekarabati jiko: rangi na vifaa ulivyochagua vimekutendeaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi, Tabata

Habari za jioni wakuu. Nakarabati jiko la nyumbani na naomba tupeane uzoefu kabla sijamlipa fundi. Jiko lina mita 2.4 kwa 3, dirisha ni moja na linatazama magharibi. Anayeshinda humo ni mama yangu, ana miaka 71, na kwetu pilau na mchuzi wa nazi haviishi.

Makabati ya sasa nilifunga 2016. Ni MDF, ule ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, yamevikwa plastiki nyeupe inayong'aa. Siku ile nilijiona nimemaliza kazi. Kumbe bomba la chini ya sinki lilikuwa linadondosha tone moja moja, na nilipokuja kugundua, ubao wa chini ulikuwa umeumuka kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Unabonyeza, kidole kinazama. Skrubu za bawaba zikakosa pa kushika, mlango ukaanza kuning'inia. Miaka miwili mama anafungua kabati lile kwa kuunyanyua mlango kwa mikono miwili, hajawahi kulalamika, na hilo ndilo linaloniuma.

Mama anataka rangi ya damu ya mzee. Mimi nilikuwa nafikiria kijivu. Naombeni mtuambie yaliyowakuta baada ya mwaka mmoja au miwili ya kupika. Picha za siku ya kwanza tumeziona nyingi.

Mdau, Kigamboni

Mkuu, swali la kwanza: maji yenu ni ya bomba au ya kisima? Sisi ni kisima, na kina chumvi. Niliweka kaunta ya graniti nyeusi tii, nzuri ajabu. Kila tone likikauka juu yake linaacha duara jeupe. Nimekaa nayo miaka mitatu na kila baada ya kuosha vyombo lazima nipitishe kitambaa kikavu, la sivyo kufika jioni imejaa madoa kama imenyeshewa chokaa. Jirani yangu anatumia kisima hicho hicho, yeye alichukua graniti ya kahawia yenye chembechembe. Madoa yapo vilevile ila macho hayayaoni.

Kwa uimara sina neno. Naipua sufuria ya moto naiweka juu ya jiwe, halijawahi kunifanya kitu. Ila msitwangie karibu na sinki. Pale jiwe limekatwa, limebaki ukanda mwembamba, na langu lilipata ufa kwenye kona siku dada wa kazi alipoweka kinu pale kutwanga vitunguu saumu.

Mdau, Mombasa

Mimi yangu ni marumaru, na nasema jiwe lenyewe, si vile vigae vya sakafuni ambavyo watu huviita marumaru. Nyeupe, ina mishipa ya kijivu. Nilikamulia ndimu samaki wa kupaka juu yake, nikapangusa. Asubuhi nikaona pale palipoangukia ndimu pamekufa mng'ao, unapitisha kidole unahisi pamekwaruza. Nikadhani ni uchafu, nikasugua kwa siki. Nikazidisha! Marumaru ni ndugu ya chokaa, na chokaa huliwa na kila kitu kikali: ndimu, siki, ukwaju, hata nyanya. Hilo si doa la kufuta, ni jiwe lenyewe limelika. Mpishi wa Pwani asiweke marumaru mahali anapokatia ndimu. Graniti haina shida hiyo, ila ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo, la sivyo inakunywa mafuta.

Jingine ni hewa ya bahari. Bawaba zangu za kwanza zilishika kutu kabla ya mwaka. Za pili nilienda dukani na sumaku mkononi. Zote ziliitwa chuma cha pua, yaani kisichoshika kutu, lakini zile zilizonasa sumaku kwa nguvu niliziacha. Hizi nilizochukua zina miaka minne, safi.

Fundi seremala, Keko

Mkuu, pole na bomba. MDF haina kosa ikikaa pakavu, makabati ya juu naitumia bila wasiwasi. Chini ya sinki ndipo isifike. Pale weka plaiwudi ya marini, ile iliyounganishwa kwa gundi inayostahimili maji, na kingo zote zizibwe, hata tundu la kupitishia bomba. Wengi wetu tunatoboa tundu na kuliacha wazi hivyo hivyo, na maji hayaingilii usoni mwa ubao, yanaingilia pale palipokatwa.

Usishushe kabati hadi sakafuni. Jenga kitako cha tofali na saruji, sentimita 10 hivi, kabati likae juu yake. Siku maji yakimwagika utanishukuru. Milango, kama mfuko unaruhusu, fanya mninga au mkongo. Mtiki wa Longuza kule Muheza nao ni mzuri, una mafuta yake ya asili, hausumbuliwi na unyevu. Wateja wengine siku hizi wanakimbilia alumini. Haiozi, mchwa haigusi, nakubali, ila ikigongwa inabonyea na hainyooki tena.

Mtungi wa gesi ukiufungia ndani ya kabati, matundu ya hewa yawe chini kabisa ya mlango. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Matundu ya juu peke yake hayakusaidii kitu.

Na mpime mama. Kaunta tumezoea sentimita 90. Asimame, akunje mkono, kaunta iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Kama ni mfupi, teremsha. Nimewahi kuivunja kaunta mpya ya mteja kwa sababu bibi wa nyumba alikuwa anakata mboga mabega yamepanda masikioni.

Mdau, Mji Mkongwe, Unguja

Sisi kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Tulipaka rangi ya mafuta jikoni ili iwe rahisi kufuta. Masika ya kwanza ikavimba malengelenge, ukiyatoboa yanatoka maji. Ukuta wa chokaa unapumua, na rangi ya mafuta imeuziba pumzi. Tukaikwangua yote, tukarudi kwenye chokaa nyeupe, na nyuma ya jiko la kupikia tu ndiyo tukaweka vigae. Wenye nyumba za zamani Lamu na Mombasa naona yatawahusu.

Mdau, Moshi

Kama bado mnawasha mkaa humo ndani hata mara moja moja, toeni nje kwanza. Rangi hata iwe ipi dari itageuka kahawia, na moshi usioonekana wa mkaa unaua watu.

Mdau, Dodoma

Kuhusu damu ya mzee na kijivu: usichague dukani. Chini ya taa nyeupe za duka, kijivu changu kilikuwa kijivu. Kimefika nyumbani kwenye taa ya njano kikawa kama tope. Sasa nanunua kopo dogo, napaka kipande cha plaiwudi, nakihamisha: asubuhi pembeni ya dirisha, saa kumi alasiri, usiku taa ikiwa imewashwa. Kwa dirisha la magharibi, jua la jioni litaiwasha damu ya mzee kama kaa la moto, na chumba chenu ni kidogo. Mimi ningempa mama rangi yake kwenye milango ya makabati ya chini, kuta ziwe krimu. Chini ndiko mchuzi unakorukia, na rangi nzito inaficha.

Mleta uzi, Tabata

Ndugu zangu, asanteni sana. Jumamosi nilipita kwa wakata mawe nikaomba vipande: marumaru nyeupe, graniti ya kahawia, graniti nyeusi. Nikaongeza kigae chenye grauti nyeupe, ule ujazo wa kuziba nafasi kati ya vigae. Mama akachanganya bizari ya manjano na mafuta, akapaka kila kipande, akakamulia ndimu, tukaviacha hadi asubuhi.

Marumaru imelika kama alivyosema dada wa Mombasa. Graniti zote mbili zilifutika. Grauti ikabaki na unjano, sabuni haikuutoa. Nikakiweka kigae dirishani, na siku ya tatu jua lilikuwa limeupausha karibu wote. Lakini nyuma ya jiko letu la kupikia jua halifiki, kwa hiyo pale tutatumia grauti ya kijivu.

Plaiwudi ya damu ya mzee tumeizungusha siku nne. Mama mwenyewe alasiri akasema ukutani itamchosha macho, iwe milangoni. Kwenye mawe alifumba macho akapitisha kiganja, akarudi mara mbili kwenye graniti ya kahawia. Kiwiko chake tumepima, kaunta itakuwa sentimita 84.

Fundi anaanza Jumatatu, na kazi ya kwanza ni bomba.