Kitambulisho bado kiko eFNS (mtandao wa uhamiaji Kenya), getini nadaiwa bei ya mtalii

Mama Kilimani:
Wabongo wenzangu wa Nairobi hamjambo, wakubwa shikamooni. Jua la Januari hili, na sisi ghorofani uwanja wetu ni kamba ya kuanikia nguo, basi Jumamosi nikawapeleka watoto bustanini. Kibali cha D, cha kuajiriwa, ninacho, kitambulisho cha mgeni bado, nina risiti tu. Mlinzi kaigeuza mbele na nyuma, kanirudishia: lipa kwa dola. Tumenywea juisi yetu stendi ya matatu. Risiti inakubalika au haikubaliki?

Mzee wa Rongai:
Marahaba mwanangu. Nilipotoka kibali cha G, cha biashara, kwenda D nilikaa na risiti mpaka wino ukafutika, kitambulisho hakuna. Nenda bustani ya Jeevanjee katikati ya mji, hapalipiwi. Yule Mhindi Jeevanjee aliwapa wananchi mwaka 1906. Kivuli kipo, ila wahubiri wa saa saba nao wapo.

Binti wa Tanga:
Shikamoo mzee. Watoto watacheza wapi katikati ya mji? Dada, nenda Arboretum, bustani ya miti kule karibu na Ikulu. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kuni za gari moshi, leo ni kivuli kitupu. Ndizi ficha, kima hawaulizi kibali.

Fundi South B:
Kauliza RISITI, nyie mnataja miti! Mimi nilikataliwa benki kwa risiti hiyohiyo, na laini ya simu pia. Bustani yangu ni vitalu vya miche kando ya barabara. Najifanya mnunuzi, nauliza bei ya bogenvilia moja moja huku jamaa anamwagilia, udongo unanukia mvua. Nikizidiwa na aibu nanunua mche wa pilipili.

Mzee wa Rongai:
Fundi, benki na geti wapi na wapi? Mshukuruni Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira. 1989 kaipigania bustani ya Uhuru Park isijengwe mnara wa ghorofa 60, 1999 kapigwa akitetea msitu wa Karura mpaka damu ikamtoka kichwani. Kwetu wakimega kiwanja cha mpira tunaguna tu vibarazani.

Binti wa Tanga:
Usitusemee wote, mzee wangu. Na Dar ile Botaniki, bustani ya Wajerumani, ipo mpaka leo, pale ukumbi wa Karimjee. Nimekumbuka mti wa mkungu wa uani kwa bibi, tunagonga kokwa kwa jiwe mpaka magharibi. Nani anapita mpaka wa Namanga wiki hii? Kuna gunia la machungwa ya Muheza limekwama Arusha.

Fundi South B:
Mimi, Ijumaa. Yawe yamekomaa lakini, yale ya mwaka jana yalikuwa ndimu.