Waliokulia Kirumba miaka ya 90 tukutane hapa, kila mtu aje na stori yake

Uzi huu ni wa Kirumba. Sio Mwanza nzima. Watu wa Capri Point na Isamilo anzisheni wa kwenu, nyie mlikuwa na mageti. Juzi tumekutana washkaji wa utotoni, watu wazima sasa hivi na vitambi juu, tukaanza zile za "we unakumbuka" mpaka wake zetu wakaenda kulala wakatuacha sebuleni. Nikasema hizi stori zisiishie hapa. Sharti ni moja, leta uliyoyaona kwa macho yako, mambo ya jiwe la Bismarck na Wajerumani yaacheni, hayo yapo kwenye kalenda.

Naanza mimi. Kwetu ilikuwa upande wa kushukia Mwaloni, lile soko la samaki la ufukweni, na maisha yote pale yalienda kwa dagaa. Usiku ukitoka nje kukojoa unaona karabai zimejipanga ziwani utadhani kuna mji mwingine kule majini. Sasa dagaa anavuliwa kwenye giza, anafuata taa, mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi kwa hiyo wavuvi wanapumzika, na hapo ndo mtaa mzima unakauka. Mama ntilie anakopesha, mwenye duka anatoa daftari, baba wa watu anakuwa mkali bila sababu. Sisi tulijua mwezi uko wapi bila kuangalia juu, unaangalia tu sufuria.

Likizo ajira yetu ilikuwa kulinda dagaa walioanikwa. Unapewa fimbo, unafukuza kunguru, mbuzi, bata na watoto wenzako. Malipo unafungiwa dagaa kwenye gazeti. Ila ole wako mvua itande kule ziwani uwe umelala, maana dagaa akilowa ndo basi tena anageuka chakula cha kuku, na mwenye mali anakutukana utadhani mawingu umeyaita wewe.

Haya, mwingine.

*Kabuhoro Juu*

Shikamoo kaka mkubwa. Nyie wa chini mlikuwa mnaringa sana, sisi wa mlimani ndo tulikula msoto. Watu wanapiga picha nyumba za juu ya mawe wanasema Mwanza pazuri, hajawahi kumpandishia mama yake dumu la lita 20 kwenye yale mawe asubuhi kabla ya shule. Hakuna njia, kuna upenyo. Kuna sehemu unaweka dumu juu ya jiwe kwanza, unapanda, unalivuta, unaweka tena. Na ukimwagika maji unamwagikia kwenye bati la jirani wa chini, anatoka anakujua kwa jina.

Ninachokumbuka zaidi ni misiba. Jeneza halipandi na gari, gari linaishia kule barabarani. Wanaume wanajipanga kwenye mawe, huyu anapokea anampa wa chini yake, anapokea anampa wa chini yake, hakuna anayeongea zaidi ya "nimeshika, achia". Hata kama mlikuwa mmegombana na marehemu kuhusu mpaka wa ukuta, siku hiyo unakaa kwenye mstari. Mgonjwa naye hivyo hivyo, anabebwa kwenye kiti cha mbao mpaka chini halafu ndo mtafute usafiri wa hospitali ya Bugando.

Ila kombolela la kule juu nyie wa chini hamlijui. Unajificha kwenye pango la mawe mpaka mwenzako anayetafuta anakata tamaa anaenda zake kula, we bado umejikunja huko unajiona mjanja.

*Lindanda Damu*

Hahaha mmesahau uwanja! Mtoto wa Kirumba hakuwahi kulipa kiingilio, narudia, hakuwahi. Siku ya mechi tunajipanga pale getini CCM Kirumba tunaangalia mtu mzima mwenye sura ya upole, unamfuata "baba naomba nishike mkono", anakupitisha kama mwanae. Mzee mmoja anaingia na watoto sita wa makabila tofauti, mlinda geti anamuuliza hawa wote wako, mzee anajibu ndiyo, mama zao tofauti.

Ukikosa baba wa kukushika unasubiri fungulia mbwa. Dakika za mwisho mageti yanaachiwa, mnaingia mbio mnapishana na waliokata tamaa wanaotoka, na mara nyingi ndo goli linafungwa muda huo kwa hiyo mashuleni kesho yake sisi ndo tunasimulia zaidi kuliko waliolipa.

Na nyumba zilikuwa zimegawanyika. Kwetu baba timu yake Pamba, TP Lindanda, wana Kawekamo, mama mdogo timu yake Toto African, wana Kishamapanda. Siku zikikutana ugali unapikwa mapema kabla ya mechi maana baada ya mechi hakuna anayejua kama jikoni kutakuwa na mtu. Pamba iliposhuka daraja mzee aliacha kabisa kusikiliza mpira redioni, na ilivyorudi ligi kuu mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji nilimpigia simu, akaniuliza swali moja tu, "golikipa ni nani?"

*Dada wa Kitangiri*

Mimi ni wa Kitangiri lakini ni ng'ambo tu ya barabara naomba mnipokee, halafu mbona mnaongea wanaume tu.

Nileteeni mapanki. Kwa wasiojua, viwanda vya samaki vilikuwa vinamchuna sangara minofu yote inaenda Ulaya, kinachobaki ni kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, ndo panki hilo. Yanakuja mtaani yamejazwa kwenye matenga, akina mama wanakaanga kwenye karai kubwa mafuta yanaruka. Watu wanaandika kwa huzuni eti tulikuwa tunakula mifupa, ni kweli ilikuwa umaskini siwezi kupamba, samaki wa kwetu na nyama inapanda ndege. Lakini jamani, kichwa cha sangara! Unaanza na shavu, kuna kipande cha mnofu pale shavuni laini kuliko sehemu yoyote, halafu unaingia nyuma ya jicho, halafu unanyonya mfupa wa utosi mpaka unatoa mlio. Bibi yangu alikuwa anasema mtu asiyejua kula kichwa asipewe mke. Kumuona mtu anamla sangara minofu mitupu kwenye sahani hotelini mpaka leo naona kama hajala.

Mnakumbuka 1999 Ulaya walivyofunga kununua samaki wa ziwa letu kwa sababu ya watu kuvua kwa sumu? Wakubwa walikuwa wanalia, wavuvi hawana soko, baba zetu wengine walisimamishwa viwandani. Sisi watoto tukaanza kuona mnofu mezani. Nilimuuliza mama kwa nini siku hizi tunakula vizuri na nyie hamna furaha, nikachapwa kofi la mgongo.

*Mchafu wa Mwaloni*

Dada umenigusa. Na yale madege makubwa ya mizigo ya Warusi, yakipita mwalimu ananyamaza mpaka liishe maana hasikiki.

Mimi nileteni kwenye kuogelea. Tuliogelea mpaka magugu maji yalipojaa pale ufukweni, yakawa yanaziba hata njia ya mitumbwi, mpaka wakaleta wale wadudu wa kuyatafuna. Tukahamia upande wa mawe. Wazazi wanakataza mamba, mamba, kumbe mamba hakuwa shida yetu, shida ilikuwa kichocho. Tulikuwa tunakojoa damu na wale wakubwa wanatuambia ndo unaingia utu uzima hivyo, tukawa tunaonyeshana nani amekomaa. Baadaye shuleni wakaanza kuleta dawa, unasimamishwa kwenye mti wenye alama wanakupima urefu, ukirefuka unaongezewa vidonge, vikubwa, vichungu, na lazima uwe umekula. Siku hiyo wote tulikuwa tunakunja magoti.

*Lindanda Damu*

Ulikuwa mfupi bila kukunja wewe.

*Mama Wawili*

Nimesoma nacheka peke yangu hapa mpaka watoto wananiangalia. Naomba niseme na la pili maana huwezi kuongea Kirumba ya miaka hiyo ukaliruka.

Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne. Jirani yetu alikuwa anauza ndizi, mzigo wake unakuja na meli kutoka Bukoba, akaondoka alfajiri kwenda bandarini kupokea. Akarudi mikono mitupu anasema meli haijaingia, watu wamejaa bandarini hakuna anayesema kitu. Mchana redio ikasema MV Bukoba imezama. Nilikuwa darasa la nne. Mtaa wetu ulikuwa na Wahaya wengi, nakumbuka mlango mmoja unaanza kulia, halafu wa pili, wengine wanatoka mbio kuelekea bandarini wamevaa kandambili za rangi tofauti.

Siku zilizofuata wakubwa walikuwa wanaongea kwa kunong'ona, kwamba meli iligeuka juu chini ikawa bado inaelea na watu walisikika wanagonga kwa ndani, kwamba walipotoboa bati hewa ikatoka ikazama moja kwa moja. Hayo tuliyasikia watoto na hakuna aliyetukalisha akatueleza. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi walizikwa Igoma, kwenye makaburi yale ya pamoja.

Mwaloni palikuwa kimya. Watu hawakula samaki, wiki na wiki. Mama ntilie wakaanza kupika maharage, na mtu ambaye maisha yake yote ni kuuza sato anakaa na beseni mpaka jioni anarudi nalo. Hakuna aliyetangaza msile. Dada wa dada yangu mkwe hajala samaki wa ziwani mpaka leo, ukimuuliza anasema ana mzio.

*Kabuhoro Juu*

Dada pole. Kwetu juu tulikuwa tunaliona ziwa lote, na mzee wangu mwezi ule alihamisha kiti chake cha jioni akawa anakaa ameangalia mlima.

*Mwenye uzi*

Mama Wawili wabeja sana kwa kulisema. Kwetu alikufa mpangaji, kijana mpole, alienda kwao kusalimia. Chumba chake mama hakukipangisha mwaka mzima na kodi tulikuwa tunaihitaji kweli.

Kuna mtu kaniuliza inbox kama Kirumba bado ipo. Ipo, na Mwaloni ipo na imejaa kuliko zamani, malori ya dagaa yanapakia ya Kongo na wapi, nimepita pale nikatafuta nyumba yetu nikakuta fremu za maduka, nikasimama mwenye duka akaniuliza bosi nikusaidie nini, nikanunua vocha ambayo siihitaji. Watoto wa pale sasa hivi wanaingia uwanjani kwa tiketi, sijui kama kuna mtoto anamshika mzee asiyemjua mkono. Wazazi wa leo mimi nikiwemo tungeita polisi.

*Mchafu wa Mwaloni*

Bado wanashika, nilishikwa na wawili mwaka jana. Nikawapitisha. Mlinzi akauliza hawa wako?

*Lindanda Damu*

Ukajibu mama zao tofauti?

*Mchafu wa Mwaloni*

Nilikuwa na mke wangu pembeni mkuu.

*Dada wa Kitangiri*

😂😂 Haya kabla uzi haujageuka wa ndoa, nani anakuja Dar mwezi huu kutoka huko? Nataka matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kilo mbili zinatosha, na dagaa. Ila dagaa wa chanja, sitaki wa kuanikwa mchangani, nina meno ya bandia mawili na mchanga wa Mwaloni naujua. Hela natuma leo.