Tupeane uzoefu: Kinachomsukuma mtetezi wa jamii kuchukua fomu ya uenyekiti au udiwani

Mwanzisha mada
Wakuu, heshima kwenu. Hapa kwetu Tanzania, mtu anapigania maji, mfereji au kiwanja cha shule miaka nenda rudi, halafu siku moja unasikia kachukua fomu. Kinachomsukuma ni nini hasa, na kiti kipi kinamfaa? Tuweke mambo yanavyokwenda, porojo za majukwaani tuziache huko huko.

Naanza na barua. Mtetezi anaandika, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaingia kwenye faili. Ili hoja iende mbele lazima ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wajumbe ni wenyeviti wa vijiji au mitaa. Asiye mjumbe anaweza kualikwa akaeleza vizuri mno, lakini kura hana. Wengi wanachukua fomu baada ya kugonga ukuta huo.

Mtendaji mstaafu
Sababu hiyo ni halali, ila wengi wanakosea kiti. Kwanza angalia tatizo lako linaamuliwa wapi.

Kama ni ardhi ya kijiji, kiti ni cha mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Wizi unafanyika kwenye muhtasari: unaandikwa kwamba mkutano ulikaa na wananchi wakakubali, kumbe watu walikuwa shambani. Dai karatasi ya mahudhurio. Ukiona saini arobaini za mwandiko mmoja na kalamu moja, umeshapata pa kuanzia. Mwenyekiti ndiye anayeongoza mkutano huo na saini yake inatakiwa kwenye muhtasari, kwa hiyo akigoma, mchezo unakwama.

Kama ni zahanati, barabara ya kata au mikopo ya asilimia 10, nenda kwenye udiwani. Mikopo hiyo inatoka mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Mwenyekiti wa mtaa hana fungu la kujenga chochote, na anayeomba kura za uenyekiti kwa kuahidi lami atakuwa mwongo ndani ya mwaka mmoja.

Dada wa Vikoba
Mtendaji kasema kweli, ila uenyekiti wa mtaa msiudharau. Barua ya utambulisho ya mkopo, ya dhamana polisi, ya mtoto kuanza shule, zote zinapita pale. Kuna akina mama wanaogombea kwa sababu hiyo tu: wamechoka kuambiwa "toa ya soda" kwa muhuri ambao ni haki yao. Na ile "asilimia kumi" ya mauzo ya kiwanja inayodaiwa kwenye ofisi za mitaa, ambayo serikali imeikemea mara kadhaa, bado watu wanatozwa.

Wakala wa vituo
Niongeze yanayowaangusha. Uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na una orodha yake ya wapiga kura. Kadi ya mpiga kura haitoshi. Kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024, uandikishaji ulikuwa 11 hadi 20 Oktoba tu. Mtetezi alikuwa na watu mia kwenye mikutano yake, siku ya kura nusu yao hawamo kwenye orodha. Ukitaka kugombea, kazi ya kwanza ni kupita nyumba kwa nyumba kipindi cha uandikishaji, kwa sababu kampeni zenyewe ni siku saba.

Fomu nayo ina mitego. 2019 na 2024 vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kwa makosa madogo ya kujaza. Jina liandikwe kwa herufi zile zile kila mahali, pasibaki nafasi wazi, muhuri wa chama usomeke. Rudisha mapema ili ukikosolewa upate muda, na piga picha kila ukurasa ukishagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila nakala, pingamizi unalijibu kwa mdomo mtupu.

Kijana wa kata
Na asiye na chama je?

Mtendaji mstaafu
Hapati nafasi, mwanangu. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua kesi ya Mchungaji Mtikila mwaka 2013 kwamba zuio hilo linakiuka haki. Kwa hiyo mtetezi anajiunga na chama, na hapo ndipo wengi wanapoteza watu wao: waliomwamini kwa sababu hakuwa wa upande wowote wanaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Dawa yake ni kujiunga mapema, hadharani, ukiwaeleza sababu. Wakikukuta na kadi mpya wiki ya kuchukua fomu, watasema ulikuwa unatafuta kiti tangu mwanzo.

Dada wa Vikoba
Na kamati aliyokuwa anaiongoza, ya maji au ya shule, aikabidhi kwa maandishi kabla ya kampeni, pamoja na daftari la fedha. Wapinzani wanaanzia hapo.