Natafuta jina la kampuni na neno "scam", naletewa sifa tupu. Kwa nini?

Mama_Swaleh:
Jamani habari zenu. Wifi yangu yuko Arua anataka auze ng'ombe mbili, pesa aingize kwa kampuni fulani ya mtandaoni, wanasema wanafanya foreksi, yaani biashara ya fedha za kigeni, na kila wiki faida inaingia. Nikasema ngoja nichunguze, nikaandika Google jina lao na neno scam, ajabu ukurasa wa kwanza wote wanaisifia! Kichwa kinauliza je ni matapeli, ukifungua ndani jibu ni hapana, jiunge leo. Wifi ananiambia unaona, hata Google wanasema wako sawa. Lakini jirani yangu hapa Ntinda tangu mwezi wa tatu anajaribu kutoa pesa yake huko inakataa, na malalamiko aliyoandika mtandaoni siyaoni. Yameenda wapi?

Fundi_wa_Jinja:
Dada, yapo, yamefunikwa tu. Hao wanajua mtu mwenye wasiwasi ataandika jina lao na hilo neno, kwa hiyo wanakuwahi. Wanachama wao wanaandika kurasa chungu nzima zenye kichwa hichohicho, shuka mpaka chini utakuta linki ya kujiunga, ukipitia pale mwandishi anakula kamisheni yake. Waongeze na video za YouTube na taarifa za kulipia kwenye tovuti za habari, basi lalamiko la mtu mmoja linasukumwa huko ukurasa wa nne ambako nani anafika. Usitafute scam, hilo neno wameshaliteka. Andika jina lao na vile watu wanavyolia wenyewe, kama "kutoa pesa imekataa", kwa Kiingereza pia.

boda_msomi:
Kuna mchezo mchafu zaidi. Wanakopi lalamiko lako, wanaliweka kwa blogu yao na tarehe ya nyuma, halafu wanakushtaki kwa Google kwamba wewe ndiye mwizi wa maandishi, wanatumia DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Ukurasa wako unaondolewa. Angalia chini ya matokeo, kukiwa na tangazo kwamba kuna kitu kimetolewa, linki yake inakupeleka Lumen, tovuti inayohifadhi maombi ya kuondoa kurasa, pale unasoma nani aliomba.

Mzee_Kasese:
Mama Swaleh mzuie huyo wifi tafadhali. OneCoin, ile sarafu ya mtandaoni ya kitapeli, ilipita hapahapa Uganda, watu wakauza mifugo, Benki Kuu ikatoa onyo 2017, mwezi wa kumi mwaka huohuo Ruja Ignatova, mwanzilishi wake, akapotea mpaka leo, FBI wanamtafuta. Na wakikuonyesha cheti cha URSB, ofisi ya serikali ya usajili, msidanganyike, hicho ni cha kusajili jina la kampuni, ruhusa ya kukusanya pesa za watu ni kitu kingine, pigeni simu CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, muulize.

Mama_Swaleh:
Asanteni sana. Nimeandika vile Fundi amesema, nimekuta watu watatu wanalia kama jirani yangu, wanaambiwa walipe "kodi" kwanza ndiyo watolewe pesa yao. Nampigia wifi sasa hivi, Jumamosi ni siku ya soko.