Naomba ushauri: "They euchred me" maana yake nini hasa?

Mwana Katuba: Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yuko Michigan, kaniandikia, "They euchred me." Mwalimu mmoja anasema ni kuibiwa, mwingine kuzidiwa akili. Lipi sawa? Nataka jibu kabla ya Jumapili.

Fundi wa Ruashi: Ni la karata. Euchre huchezwa na wanne, wawili kwa wawili, karata 24, kuanzia 9 hadi ase, tano kila mtu. Upande uliotaja atu, yaani turufu, lazima upate mizunguko mitatu kati ya mitano. Wakikosa, hapo ndipo wanaitwa euchred, na wapinzani wanapata pointi mbili. Kwa hiyo ni kuzidiwa akili, lakini baada ya kutaja atu wewe mwenyewe.

Mama Kamalondo: Karata! Marehemu mume wangu aliweka baiskeli kwenye beloti, akarudi amebeba pampu tu mkononi. Mwanangu, achana nazo.

Dereva Kasumbalesa: Jumapili kuna nini?

Mwana Katuba: Kikao cha familia. Nilimtumia dola 900 atutafutie gari. Anasema muuzaji kapotea nazo. Nimekwisha kumwambia mama kwamba yaya kazila pesa hizo.

Dereva Kasumbalesa: 900 ulizitoa wapi?

Mwana Katuba: Niliuza kinu cha mama cha kusaga mahindi. Anajua kiko kwa fundi. Msinihukumu, gari lingekirudisha kwa miezi mitatu.

Mama Kamalondo: Kinu cha mama yako!

Kijana Kenya: Uzi wa kutunga huu. Mkongomani gani anaandika "euchred"?

Mwana Katuba: Kiwandani kwao wanacheza saa ya chakula. Alinitumia picha, vale mbili nyeusi, yaani jeki, juu ya kopo la wali, akaandika: "Hizi ndizo wakubwa."

Fundi wa Ruashi: Hilo si la kubuni. Vale ya atu ndiyo ya kwanza, ya pili ni vale ya rangi ileile. Huitwa bower, kutoka Bauer, "mkulima", jina la vale kwa Kijerumani. Mchezo wenyewe unafuatwa nyuma hadi Juckerspiel ya Alsace. Hata jokari ilizaliwa humo, Marekani, miaka ya 1860.

Kijana Kenya: Basi naomba radhi. Ila yaya yako kakiri kwamba atu alitaja yeye. Wewe je?

Mwana Katuba: Nikisema habari ya kinu, mama ataanguka.

Mama Kamalondo: Usingoje kikao. Nenda leo, kabla hajatuma mtu kwa huyo fundi.

Mwana Katuba: Amekwisha kutuma. Asubuhi.