Watangazaji wa Maonyesho ya Maua ya Chelsea: tupeane uzoefu wa watazamaji

Mwanzisha mada (London)
Ndugu zangu, kila Mei BBC hutenga saa nyingi za mchana na jioni kwa Maonyesho ya Maua ya Chelsea, ambayo yalianza kufanyika katika viwanja vya Royal Hospital hapa London mwaka 1913. Uzuri wa maua hauna ubishi. Ninaowaulizia ni wale wanaotuonyesha maua hayo. Nilianza kutazama enzi za Alan Titchmarsh, aliyeongoza matangazo hadi 2013, na bado nawapima wenzake kwa kipimo chake, kwa sababu alianza maisha ya kazi akiwa mwanagenzi katika kitalu cha manispaa, na maswali yake yalikuwa ya mtu aliyewahi kushika jembe. Mke wangu hakubaliani nami hata kidogo. Yeye ni wa Monty Don, mwenye sauti ya taratibu na asiyeona haya kukaa kimya. Je, ninyi ni nani aliyewaweka mbele ya runinga, na ni yupi aliyewafanya mtafute rimoti?

Mchangiaji wa Leicester
Mama yangu, ambaye Kiingereza chake hakizidi salamu, humchangamkia Carol Klein kila anapotokea, kwa kuwa mwanamke huyo hainui ua kama mgeni: huligeuza jani aone upande wake wa chini, hunusa, kisha hucheka peke yake. Nilipomweleza mama kwamba Klein alikuwa na kitalu chake Devon na amewahi kutunukiwa medali za dhahabu hapohapo Chelsea, alinijibu kwamba mikono ya Klein ilikwisha kumwambia hayo.

Mchangiaji wa Reading
Kabla ya kuja huku nilikuwa Naivasha, nikikata na kupanga waridi za kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo ninachotaka kusikia ni kazi iliyofanyika kabla ya kamera kufika. Mkulima anawezaje kuwa na tulipu zilizochanua wiki ileile ambayo hema kubwa la maonyesho linafunguliwa, wakati bustanini msimu wake umekwisha? Huziweka kwenye vyumba vya baridi ili zichelewe, na mimea mingine huipasha joto ili iwahi. Mtangazaji mmoja aliwahi kuliuliza swali hilo vizuri sana. Mwingine, ambaye sitamtaja, alisimama mbele ya maua ya namna hiyo akizungumza na mwigizaji mashuhuri kuhusu tamthilia yake, na mwenye maua akabaki nyuma yao ameshika mkebe wa kumwagilia.

Mchangiaji wa Birmingham
Naomba kuwatetea wasio wakulima. Sophie Raworth ni msomaji wa habari, na faida yake ni kwamba huuliza mambo ambayo sisi wa ghorofani, tusio na hata futi moja ya ardhi, tungeona aibu kuyauliza. Wataalamu wawili wakikutana, mara nyingi huzungumza wao kwa wao. Hata hivyo nakubali kwamba ujuzi una siku yake: maonyesho yaliposogezwa hadi Septemba mwaka 2021 kwa sababu ya korona, mimea iliyozoeleka ya Mei haikuwapo, zikaja dalia na maua mengine ya mwisho wa kiangazi, na waliokuwa wakitegemea sifa zilezile za kila mwaka walionekana wazi.

Mchangiaji wa Bristol
Kero yangu ni medali. Wapo watangazaji wanaozisimulia kana kwamba ni mbio, ilhali kila bustani inayotengenezwa na wabunifu kwa ajili ya maonyesho hupimwa kwa viwango vilivyowekwa na kwa maelezo ambayo mbunifu mwenyewe aliyawasilisha, ndiyo maana dhahabu huweza kwenda kwa bustani kadhaa mwaka mmoja. Joe Swift hulieleza jambo hili kwa utulivu, na si ajabu, kwani mwaka 2012 alitengeneza bustani yake hapo na akapata dhahabu.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Mke wangu amesoma na ameshikilia msimamo wake. Kwa upande wangu naongeza ombi moja kwa waandaaji: jina la mmea libaki kwenye kioo hadi mtu amalize kuliandika, maana kwenye duka la miche huwezi kumwambia muuzaji unataka lile la zambarau lililoonekana jana usiku.